Karl Jansky, mhandisi aliyesikia nyota kwenye redio

Mvua za masika zikikolea, ndugu msikilizaji mwenye redio ya masafa ya kati au masafa mafupi, uwe Nachingwea au Ruangwa, unaijua adha yake. Radi ikipiga huko upande wa Liwale, redio inakwaruza kabla ngurumo haijakufikia. Halafu ipo sauti nyingine. Ukizungusha kitufe cha kutafutia stesheni ukakiacha mahali pasipo na stesheni yoyote, unasikia shhh isiyokatika, mithili ya mafuta ya maandazi kwenye karai. Hakuna anayekaa kuisikiliza. Hata sisi hapa studio tukiisikia tunajua kuna kitu kimekatika, na mtu anakimbilia kwenye mitambo.

Zaidi ya miaka 90 iliyopita, kijana mmoja wa Marekani alilipwa mshahara aisikilize sauti hiyo na aeleze inatoka wapi. Jina lake ni Karl Guthe Jansky. Aligundua kwamba nyingine hutengenezwa na radi, za karibu na za mbali, na kwamba nyingine, kidogo sana, inatoka nje ya dunia yetu, nje hata ya jua na sayari zake. Madishi makubwa yote yanayosikiliza anga leo yanaanzia kwake. Yeye mwenyewe hakujenga hata moja.

Mtoto wa mwalimu, mwenye figo mbovu

Jansky alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1905 katika mji wa Norman, Oklahoma, wakati Oklahoma haijawa bado jimbo kamili la Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu wa uhandisi wa chuo kikuu, na jina la Karl Guthe alimpa mwanawe kwa heshima ya profesa aliyemfundisha fizikia. Familia ilihamia Wisconsin, na huko ndiko Karl alikosomea fizikia katika chuo kikuu alikofundisha baba yake. Alimaliza shahada yake mwaka 1927. Alipenda mpira wa magongo wa kwenye barafu, na katika mpira wa meza ilikuwa kazi kumfunga.

Hata hivyo hakuwa mzima. Akiwa bado kijana aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, ule ambao siku zile uliitwa ugonjwa wa Bright. Hapakuwa na mashine za kusafisha damu wala upandikizaji wa figo. Mgonjwa aliambiwa apumzike, aangalie chakula chake na amwombe Mungu.

Ugonjwa huo karibu umnyime kazi. Mwaka 1928 alipoomba nafasi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, wakubwa walisita kumwajiri mtu ambaye afya yake ilitia shaka. Kaka yake, naye mhandisi wa redio aliyejulikana, alimsemea, wakamchukua. Ila hawakumweka katika ofisi za jijini New York. Walimpeleka mashambani, jimbo la New Jersey, ambako hewa ilidhaniwa kuwa bora kwa mgonjwa. Mwaka 1929 alimwoa Alice, wakapata watoto wawili. Tukitazama nyuma, ile figo ndiyo iliyompeleka mahali penye utulivu wa redio, mbali na mitambo ya umeme ya jiji.

Simu ya dola 75

Tueleze kwanza kwa nini kampuni ya simu ilihangaika na mikwaruzo. Mwaka 1927 huduma ya simu kati ya New York na London ilianza kwa njia ya redio, kwa sababu hapakuwa bado na waya chini ya bahari ulioweza kubeba sauti ya mtu. Dakika tatu zililipiwa dola 75, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa Marekani alizipata kwa wiki kadhaa. Mteja anayelipa kiasi hicho hataki kusikia mikwaruzo. Kwa hiyo Bell ilimpa Jansky swali moja: katika masafa mafupi tunayotaka kutumia, kelele zinatoka upande gani na zinasababishwa na nini?

Hapo ndipo Jansky alipolazimika kupanga antena na kipokezi chake, na mpango wake unastahili kuelezwa taratibu, kwa maana mambo aliyoyatatua ndiyo yanayowaumiza vichwa wajenzi wa madishi hadi leo.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua sauti inatoka wapi. Antena ya kawaida ya waya mmoja inasikia pande nyingi kwa pamoja, kama mtu aliyesimama katikati ya mnada. Ukitaka kumsikia mtu mmoja unaweka kiganja nyuma ya sikio na kumgeukia. Jansky alitengeneza sikio la namna hiyo kwa mabomba ya chuma na mbao, lenye urefu wa takriban mita 30 na kimo cha mita 6. Liliweza kupokea mawimbi ya masafa ya megahezi 20.5, ambayo kila wimbi lake lina urefu wa mita 14 na nusu hivi.

Jambo la pili lilikuwa kuligeuza. Dude la mita 30 haligeuzwi kwa mkono. Akaliweka juu ya magurudumu manne ya gari la Ford, lile aina ya T lililokuwa la kawaida siku hizo, yakazunguka juu ya njia ya mviringo yakivutwa na mota ndogo. Mzunguko mmoja ulichukua dakika 20. Wenzake waliliita bembea la kuzunguka, kama lile la watoto kwenye sikukuu. Lilisimama kwenye eneo la mashamba huko Holmdel.

La tatu ndilo gumu zaidi, yaani kipokezi. Kila kipokezi cha redio kinatoa kelele zake chenyewe, kwa sababu umeme ndani ya vyuma vyenye joto hautulii. Kumsikiliza mtu anayenong'ona ukiwa ndani ya nyumba yenye mashine ya kusaga ni kazi bure. Lazima kwanza uzime mashine, au ujue kelele zake ni kiasi gani ili uziondoe kwenye hesabu. Bosi wake, Harald Friis, mzaliwa wa Denmark, alikuwa fundi mkubwa wa vipokezi vyenye kelele ndogo. Jansky alikijenga chake juu ya kazi ya Friis, akakiunganisha na kalamu iliyochora mstari kwenye karatasi usiku na mchana. Sauti ikizidi mstari unapanda, ikipungua unashuka.

Dakika nne za kila siku

Karatasi zilimwonyesha kelele za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa radi za karibu. Ya pili ilikuwa radi za mbali, ambazo mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga yakarudi chini. Ya tatu ilikuwa ile shhh, dhaifu na isiyokatika, ambayo ilipanda na kushuka mara moja kila siku.

Mwanzoni alidhani ni jua. Mwishoni mwa 1931 mahali sauti ilipokuwa kubwa zaidi palikuwa karibu na upande wa jua. Mtu mwenye haraka angeandika ripoti na kwenda nyumbani. Jansky aliendelea kukusanya karatasi, mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka mzima. Kadiri siku zilivyopita chanzo kiliachana na jua. Sauti haikurudi kileleni kila baada ya saa 24, ilirudi baada ya saa 23 na dakika 56.

Dakika nne ni kitu gani? Wazee wetu wakulima wangemjibu. Waliokuwa wakikitazama Kilimia ili wajue majira ya kupanda walijua kwamba hakichomozi saa ileile. Leo kinatokea mapema kidogo kuliko jana, na baada ya mwezi mmoja kimetangulia kwa saa mbili. Gawanya saa mbili kwa siku 30 unapata dakika nne. Ndivyo zinavyokwenda nyota zote, kwa kuwa dunia inajizungusha yenyewe huku ikilizunguka jua. Jansky hakuwa mtu wa nyota. Rafiki yake aliyesomea elimu ya anga ndiye aliyemfungua macho: kitu kinachofuata saa za nyota, na si saa za jua, kiko kwenye nyota.

Akatafuta upande. Sauti kubwa ilitoka kwenye kundi la nyota ambalo wasomaji wa magazeti wanalijua kwa jina la Mshale, ambako ndiko kwenye kitovu cha kundi letu kubwa la nyota, lile tunaloliona usiku kama utepe mweupe uliokatiza mbingu.

Mwezi wa Aprili 1933 alieleza matokeo hayo mbele ya wataalamu mjini Washington. Tarehe 5 Mei gazeti la New York Times liliyaweka ukurasa wa kwanza. Siku kumi baadaye redio ya NBC ilifanya jambo ambalo sisi watu wa redio tunalionea wivu hadi leo: iliiunganisha antena ya Holmdel kwa waya hadi studio za New York, ikarusha ile shhh hewani, wananchi wakae sebuleni wasikilize sauti ya nyota. Jansky alikuwa na umri wa miaka 27.

Ahadi ambayo haikutimia

Kilichofuata ni kimya. Wataalamu wa nyota wa wakati ule walitumia lenzi na vioo, na umeme wa redio hawakuujua. Wahandisi wa redio nao hawakuzijua nyota. Marekani ilikuwa katika hali mbaya ya uchumi, vyuo havikuwa na fedha za kujaribu jambo jipya. Kwa Bell yenyewe swali lilikuwa limekwisha kujibiwa: sauti ya nyota ni dhaifu, haiwezi kuharibu simu ya London, basi tuendelee na mengine.

Jansky alitaka kwenda mbele. Aliona kwamba antena yake ya mabomba haiwezi kuonyesha chanzo kwa usahihi, na masimulizi yanayojulikana zaidi ni kwamba alipendekeza lijengwe dishi lenye kipenyo cha mita 30. Halikujengwa. Mapema mwaka 1934 aliwaandikia wazazi wake kuwaeleza kwamba mawimbi ya nyota ameyaacha, amepewa kazi ya kupima kelele kwa jumla, na kwamba haimvutii kama ile ya kwanza. Mwaka 1935 alitoa andiko jingine akieleza kwamba sauti haitoki kwenye kitovu peke yake, inatoka kwenye utepe mzima wa nyota. Baada ya hapo alibaki na kazi za kampuni, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akafanya kazi ya vifaa vya kutambua upande zinakotoka ishara za redio.

Nani alimzuia? Hapa watu wanagombana. Miaka mingi baada ya kifo chake familia ilishikilia kwamba alikatazwa, na Friis akaandika kwamba hakukatazwa na hakuwahi kuomba. Sisi tunaipa uzito ile barua kwa wazazi, maana mtu hawezi kulalamikia kuondolewa kwenye kazi aliyoiacha kwa hiari yake. Lakini pia tunamwelewa mwajiri aliyeendesha kampuni ya simu, si chuo cha nyota. Bosi hahitaji kuwa na roho mbaya ili kazi nzuri ife. Anaweza tu kukupa nyingine.

Figo ziliendelea kumla. Alifariki tarehe 14 Februari 1950 huko Red Bank, New Jersey, akiwa na miaka 44. Hakuwa amepata nishani yoyote ya sayansi kwa ugunduzi wake.

Mwezi huohuo huku kwetu Nachingwea matrekta ya Waingereza yalikuwa yakiangusha misitu kwa ajili ya mradi wa karanga, na reli mpya ilikuwa ikitoka pwani kuja kuchukua mavuno ambayo hayakutokea. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata serikali yao iliuacha mradi, ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi kwenye vitabu. Tunalisema hili kwa sababu mara nyingi tunaambiwa fikra fulani haikuendelea kwa kuwa fedha hazikuwepo. Huenda ni kweli. Lakini zama hizohizo fedha zilipatikana nyingi kwa mipango ambayo mkulima yeyote wa hapa angeweza kuitilia shaka kwa kuushika tu udongo.

Waliochukua pale alipoachia

Mtu wa kwanza kuchukua kazi ya Jansky alikuwa fundi redio kijana, Grote Reber, wa mji wa Wheaton, Illinois. Mwaka 1937 alijenga kwa fedha zake mwenyewe dishi la mita 9 na nusu uwanjani nyumbani kwao. Majirani walishangaa. Alijaribu masafa mawili bila kupata kitu, la tatu likaitika, akachora ramani ya kwanza ya anga kwa mawimbi ya redio.

Baada ya vita likaja tatizo ambalo dishi moja haliwezi kulitatua. Mawimbi ya redio ni marefu sana kuliko mawimbi ya mwanga, na kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo picha inavyokuwa na ukungu. Ili upate picha safi ungehitaji dishi la kilomita kadhaa, na hakuna chuma cha kubeba kitu hicho. Martin Ryle na wenzake huko Cambridge, Uingereza, walifanya kazi ya kuunganisha antena ndogo nyingi zilizotawanyika zifanye kazi kama sikio moja, na mwaka 1974 Ryle alipata tuzo ya Nobel.

Hebu tulieleze kwa ramani ya kwetu. Kutoka Nachingwea mjini hadi Ruangwa, kwa mstari wa ndege na si kwa barabara, ni kilomita zinazokaribia 40. Weka dishi moja Nachingwea na jingine Ruangwa. Wimbi kutoka kwenye nyota likifika Ruangwa kabla kidogo ya kufika Nachingwea, tofauti hiyo ndogo ya muda inakuambia nyota iko upande gani, tena kwa usahihi kana kwamba una dishi moja lenye upana wa kutoka mji hadi mji. Madishi mawili yanatoa jibu moja tu. Ukiongeza mengine katikati, kila jozi ya madishi inatoa jibu lake. Kazi ya mpangaji ni kuyaweka ili jozi zisirudie umbali uleule na upande uleule, maana jozi inayorudia imekula fedha bure.

Kitu kama hicho kipo kweli. Katika nyanda kame za New Mexico, Marekani, kuna madishi 27, kila moja la mita 25, yamepangwa kwa umbo la herufi Y. Yakitawanywa kabisa, upana wake unafika kilomita 36. Yanahamishwa juu ya reli: ukitaka kuona eneo kubwa unayasogeza pamoja, ukitaka kuona kitu kidogo kwa undani unayatenganisha. Ndani ya kila dishi vipokezi vinapozwa hadi kama nyuzi 258 chini ya sifuri, ili umeme wake utulie. Ni ileile kazi ya Jansky na Friis ya kunyamazisha mashine ya kusaga kabla ya kusikiliza mnong'ono. Mitambo hiyo ilizinduliwa mwaka 1980, na mwaka 2012, baada ya kuwekewa vipokezi vipya, ikapewa jina la Karl Jansky.

Tangu mwaka 1973 jina lake pia ni kipimo. Kama tunavyopima korosho kwa kilo, nguvu ya redio ya nyota hupimwa kwa jansky. Ni kipimo kidogo mno. Simu yako ya kitochi, kama ingekuwa inapiga kutoka mwezini, ingesikika huku kama moja ya vitu vyenye kelele kubwa kabisa angani.

Ndiyo sababu madishi haya hupelekwa mbali na watu. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda ukimya wa redio katika eneo la Karoo, ambako sasa panajengwa mradi wa SKA utakaokuwa na madishi 197. Sehemu yake nyingine, ya antena za masafa ya chini, iko Australia. Nchi nane nyingine za Afrika zilijiunga na mpango huo kama washirika. Wamo majirani zetu wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, na imo Kenya, ambako kulikuwa na mpango wa kuligeuza dishi kuukuu la mawasiliano la mita 32 huko Longonot liwe la kusikiliza nyota. Ghana dishi lao la namna hiyo walishaligeuza, likazinduliwa mwaka 2017. Tanzania haimo katika orodha ya nchi hizo nane.

Antena ya Jansky yenyewe haipo tena. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua hasa iliposimama, hadi watafiti walipotafuta na kupapata mahali pake, na mwaka 1998 likawekwa sanamu la kumbukumbu lenye umbo la ile antena. Walilielekeza upande ambao antena iliangalia saa moja na dakika kumi jioni, tarehe 16 Septemba 1932, wakati mmoja ambapo shhh ilikuwa imefika kileleni.

Kule New Jersey kundi la Mshale halipandi juu sana, Jansky alilipata likiwa chini upande wa kusini. Kwetu ni rahisi zaidi. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, mvua zikiwa zimekwisha, toka nje karibu na saa sita ya usiku pasipo na taa, uangalie juu, kidogo kuelekea Ruvuma. Pale utepe mweupe unapokuwa mnene zaidi, ndipo.